Takwimu za chanjo zishuke hadi zahanati

Mabishano ya chanjo hayaamuliwi kwa kipaza sauti. Mwaka 2021 Tanzania ilijaribu njia hiyo. Januari, akiwa Chato, Rais John Magufuli alisema chanjo za korona hazifai. Julai 28, Rais Samia Suluhu Hassan akachanjwa Ikulu mbele ya kamera, na Askofu Josephat Gwajima, wakati huo mbunge wa Kawe, akazipinga kanisani hadi akaitwa na kamati ya Bunge. Wananchi walitakiwa waamini tu. Hesabu ya waliochanjwa na yaliyowapata baadaye haikupewa nafasi yake.

Deni la mtindo huo linalipwa hadi leo milimani Uluguru, mkoani Morogoro. Chanjo ya HPV, inayokinga saratani ya mlango wa kizazi, ilianza kutolewa nchi nzima 2018, na Aprili 2024 ikawa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Mama wa Kinole au Nyandira aliyeambiwa kwamba sindano hiyo inafunga kizazi ana haki ya kuuliza. Kumwita mshamba ni utovu wa adabu, tena ni uvivu wa wenye dhamana. Apewe jibu lenye tarakimu.

Tazama kadi ya kliniki ya mtoto. Tarehe ya kila chanjo imeandikwa kwa kalamu, na muuguzi ameijaza pia kwenye rejista ya zahanati. Mtoto huyo akilazwa wiki mbili baadaye kwa degedege, kumbukumbu zake hubaki kwenye faili la hospitali, na wazazi wakiwa na bima, fomu ya madai huenda Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF). Karatasi tatu za mtoto mmoja, na mara nyingi hazikutani.

Wenzetu wamezikutanisha. Denmark, kwa rejista za watoto 657,461, ilionyesha mwaka 2019 kwamba chanjo ya surua haileti usonji. Marekani imekuwa ikichambua kumbukumbu za bima kwa kazi hiyo tangu 1990. Na hesabu haipendelei chanjo: mwaka 1999 chanjo ya rotavirusi iitwayo RotaShield iliondolewa sokoni huko baada ya kubainika kwamba ilihusiana na utumbo wa watoto kujiziba. Mwenye hofu na mwenye imani wote wanalindwa na daftari lililo wazi.

Mkoa wa Morogoro hauhitaji kufundishwa jambo hili. Katika kijiji cha Idete, Kilombero, chanjo ya malaria ya SPf66 ilijaribiwa kwa watoto, na matokeo yaliyochapishwa 1994 yalionyesha inapunguza ugonjwa kwa asilimia 31. Majaribio ya Gambia na Thailand hayakuona kinga hiyo, na chanjo ikawekwa kando. Morogoro Vijijini nako, miaka ya 1990, wadodosaji walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza nani amefariki na kwa dalili zipi. Ikagundulika kwamba malaria ilibeba asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea huku ikipewa asilimia 5 tu ya bajeti ya afya ya 1996. Bajeti ikapangwa upya.

Tunaonya pia: madai ya NHIF peke yake yatadanganya. Mfuko huo ulianza na watumishi wa umma. Utamwona mwalimu wa Kihonda, umkose mkulima wa mboga wa Mgeta. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inalenga kuwaingiza wote, na hapo ndipo rejista za zahanati ziunganishwe na madai ya bima, majina yakiwa yamefutwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu 2022. Binti aliyechanjwa shuleni asijulikane kwa jina kwenye meza ya mchambuzi yeyote, wala taarifa zake zisiuzwe.

Wizara ya Afya, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) na NHIF watoe kila mwaka, kwa kila wilaya, idadi ya waliochanjwa, walioripotiwa kupata madhara na kilichothibitika baada ya uchunguzi. Karatasi hiyo ibandikwe kwenye mbao za matangazo za zahanati, kwa Kiswahili, kabla timu ya chanjo haijabisha hodi shuleni tena.