Mkate wa Waterford

Katika mji wa Waterford, kusini-mashariki ya Ireland, upo mkate mdogo uitwao blaa. Vitu vyake ni vile tuvijuavyo sote: unga wa ngano, maji, hamira na chumvi. Basi wapambanuka kwa nini na mikate mingine?

Kwanza, madonge yake hunyunyiziwa unga mkavu kabla ya kuingia tanurini, hata alaye hubaki na weupe vidoleni. Pili, uzuri wake haudumu: huokwa usiku, huliwa asubuhi, na jioni umekwisha kukauka. Tatu, una kwao. Husimuliwa kuwa uliletwa na Waprotestanti wa Kifaransa waliokimbia dhuluma katika karne ya 17. Mwaka 2013 Umoja wa Ulaya ulilihifadhi jina lake: Waterford Blaa ni ule tu uliookwa Waterford au kusini ya Kilkenny, kwa kufuata desturi yake.

Lakini sheria hulinda jina tu. Mkate usioweza kungoja wala kusafiri mbali huishi maadamu yupo fundi akubaliye kukesha, na kijana akubaliye kufunzwa naye. Enyi vijana, mikate ya mama zenu mmekwisha kujifunza?