Mshipa Upi? Kiswahili Kando ya Kitanda cha Mgonjwa wa Saratani

Katika soko la Custom mjini Juba, Kiarabu cha Juba, Kibari, Kidinka, Kiingereza na Kiswahili hukutana kwenye meza moja ya muuza nyanya. Wewe unayejifunza Kiswahili huko, labda ulikianza kwa ajili ya biashara, au kwa sababu nchi yako ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016. Leo nakuomba ukifikirie mahali pengine: kando ya kitanda cha ndugu yako anayetibiwa saratani nje ya nchi.

Wagonjwa wengi wa Sudan Kusini huvuka mpaka wa Nimule kwenda Kampala. Huko ipo Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1967 katika kilima cha Mulago ili kutibu uvimbe wa taya uliokuwa ukiwashambulia watoto, ule ambao daktari mpasuaji Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 na ambao sasa unaitwa kwa jina lake. Miongoni mwa dawa zinazoutibu imo vinkristini, na ni hiyo ninayotaka tuizungumzie.

Vinkristini hupatikana katika mmea wa maua ya waridi au meupe wenye asili ya Madagaska, mmea unaopandwa kama pambo mbele ya nyumba nyingi za Afrika Mashariki. (Usithubutu kuyachemsha majani yake. Hospitalini dozi ya mtu mzima kwa kawaida haizidi miligramu 2 kwa mara moja, na sufuria haina mizani ya namna hiyo.) Ni dawa iliyookoa watoto wengi. Lakini ina sharti moja lisilo na mjadala: iingie katika mshipa wa damu tu. Ikidungwa kwa makosa katika maji yanayozunguka uti wa mgongo, huharibu ubongo na neva, na karibu kila mara mgonjwa hufa.

Utauliza, nani atakayekosea hivyo? Tatizo ni kwamba mtoto huyohuyo mara nyingi huhitaji pia methotreksati, ambayo hupitishwa mgongoni kwa makusudi. Mabomba mawili ya sindano yakilazwa kwenye sinia moja, siku moja, mkono wa mtu aliyechoka unaweza kuchukua lisilo lake. Makosa hayo yametokea katika nchi tajiri na maskini. Ndiyo maana mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari, likishauri vinkristini itayarishwe katika mfuko mdogo wa dripu badala ya bomba la sindano. Hakuna atakayejaribu kuumimina mfuko mzima mgongoni mwa mtoto.

Sasa tulitazame neno lenyewe. Kiswahili husema "mshipa" kwa njia ya damu. Husema pia "mshipa wa fahamu" kwa neva. Na pwani, ukisikia kwamba mzee fulani "ana mshipa", maana yake ni ngiri au busha! Neno hilo halina lawama. Lugha zote zina maneno yenye kazi nyingi. Hata hivyo, mkalimani anayesema "dawa hii ni ya mshipa" hajasema kitu kamili, kwa kuwa ameacha wazi pengo lilelile ambalo tahadhari ya mwaka 2007 ilikusudia kuliziba. Kwa maoni yangu, mwalimu wa Kiswahili asiyefundisha tofauti ya "mshipa wa damu" na "mshipa wa fahamu", kwa kudhani hiyo ni kazi ya somo la biolojia, anawapunja wanafunzi wake.

Wapo wasemao kwamba usalama wa dawa ni jukumu la daktari, muuguzi na mfamasia, si la mama aliyetoka Juba na mtoto mgongoni. Ni kweli, na sitaki mzigo huo uhamishiwe kwake. Lakini wauguzi hubadilishana zamu, ilhali mama yupo kila mara. Tena ni mgonjwa pekee anayesikia dawa inapoanza kuunguza. Vinkristini ikivuja nje ya mshipa wa damu huunguza nyama ya mkono, na dripu hupaswa kusimamishwa papo hapo. Wengi wetu tumelelewa tukisifiwa kwa kuvumilia sindano. Hapa uvumilivu unadhuru. Jifunze kusema bila haya: "Sista, panaunguza. Tafadhali simamisha."

Vivyo hivyo nyumbani. Ganzi ya vidole, maumivu ya taya na kufunga choo kwa siku kadhaa viripotiwe. Homa ya nyuzi 38 au zaidi baada ya tibakemikali isingoje asubuhi, kwani kinga ya mwili huwa imeshuka. Na dawa yoyote iliyonunuliwa dukani itajwe kwa daktari, kwa maana baadhi ya dawa za fangasi, kama itrakonazoli, huiongezea vinkristini ukali wake.

Ukiitwa kumtafsiria ndugu yako, usipunguze maneno ya daktari kwa huruma, wala usijaze usichokielewa. Usimtwike mtoto kazi hiyo. "Shikamoo" si salamu ya kawaida Kampala, kwa hiyo "samahani" yatosha. Kisha uliza kabla sindano haijagusa ngozi: "Samahani, sista, dawa hii inaitwaje, na inaingia wapi?" Akikujibu "kwenye mshipa", muulize kwa upole: "Mshipa wa damu?" Halafu mweleze ndugu yako jibu hilo kwa lugha ya nyumbani, naye alirudie kwa maneno yake mwenyewe.