Watoto wa Kibera wachezee wapi?

Huku Pwani twailaumu simu kwa kuwafungia watoto ndani. Kibera niliyoiona mimi ni kinyume: watoto wako nje kutwa, bano vichochoroni, kati baina ya mabati. Wanachokosa ni uwanja. Wanubi walipopaita Kibra, yaani msitu, mtoto alikuwa na pa kukimbia. Julai 2018 hata shule kadhaa zilibomolewa, na nyua zao, kupisha barabara ya kuunganisha Ngong na Lang'ata.

Wakazi hawakukaa bure. Pamoja na shirika la KDI wamegeuza majalala kando ya Mto Ngong kuwa viwanja. Lakini Kenya iliridhia tangu 1990 mkataba unaotaja mchezo kuwa haki ya mtoto. Vipi kazi hii iachiwe wafadhili? Kaunti iviandikishe viwanja hivyo kabla barabara nyingine haijachorwa.