Bao, Drafti au Sataranji?

Hebu niambie, mpenzi msomaji: kati ya bao, drafti na sataranji, mchezo upi ni bora kuliko yote? Usiharakishe kujibu. Hapa Eldoret, waendesha bodaboda wanaosubiri abiria watakuambia ni drafti. Ubao wao ni kipande cha mbao chenye miraba 64, na kete ni vifuniko 24 vya soda, 12 kifudifudi, 12 chali.

Wa sataranji huwacheka. Watakukumbusha kwamba mwaka 2007 Jonathan Schaeffer na wenzake huko Kanada walithibitisha kwa tarakilishi kuwa drafti ya kanuni za Kiingereza, ikichezwa bila kosa, huisha sare. Sawa, lakini nani kivulini pale asiyekosea? Na farasi wa sataranji akipotea, mtoto afanyeje? (Kifuniko kikipotea, unakunywa soda nyingine.)

Kura yangu, hata hivyo, naipa bao la Waswahili, alilolipenda Mwalimu Nyerere. Lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji huanza na 10 ubaoni na 22 mkononi. Kete zikiliwa haziondoki mchezoni. Aliyezila huzipanda upande wake, nawe waweza kuzila tena! Ndugu yake, ajua ya Waluo, huchezwa hata kwenye vishimo vya udongo kwa kokoto.

Babu asiyejua kusoma anaweza kumfunga mjukuu wa chuo kikuu. Lakini je, msomaji, babu huyo akituondokea, nani nyumbani kwako ajuaye kufundisha namua na mtaji?