Kipimo kimesema si malaria. Sasa nini?



Sisi wahudumu wa afya wa kujitolea hapa Nakivale tunazunguka nyumba kwa nyumba, na kuna maneno tunayoyasikia kila wiki. "Moyo unanipiga mbio." "Usingizi umenikimbia." "Kuna kitu kimenikaba kooni." Mtu huyo ameshakwenda kituoni, ametobolewa kidole, na baada ya dakika 15 au 20 kipimo kimeonyesha hana malaria. Anarudi nyumbani amekasirika. Kesho yake ananunua dawa ya malaria dukani, na wiki ijayo tena.

Kwa maoni yangu hapo ndipo tunapopoteza pesa na afya. Maumivu yake ni ya kweli, ila chanzo ni kingine. Mtu akiogopa, mwili humwaga homoni kwenye damu ili aweze kukimbia au kupigana: moyo huongeza mwendo, pumzi huwa fupi, misuli hukaza. Jambo hilo lilitusaidia siku ya kukimbia risasi. Shida ni pale mwili unapofanya vilevile miaka baadaye, umeketi unachambua maharage, kwa sababu tu pikipiki imelia njiani. Tena pumzi za harakaharaka peke yake huleta kizunguzungu na ganzi vidoleni, mtu akadhani anakufa.

Sisemi mtu asipimwe. Moyo kwenda mbio huweza kutokana na upungufu wa damu, hasa kwa mama mjamzito. Lakini ukipimwa na ugonjwa usionekane, usitoke kimya. Mwambie muuguzi: "Nina mawazo mengi, silali." Wengi wanaficha wakiogopa kuitwa vichaa. Wasiwasi si kichaa. Wala si jirani aliyekuloga (ujirani mwingi umevunjika kwa sababu hiyo!).

Wako wanaotujibu kwa hasira: "Tangu mwaka 2023 mgao umegawanywa kwa makundi, wengine tumetolewa kabisa, na wewe unakuja kunifundisha kupumua?" Wana haki ya kukasirika. Kupumua hakujazi sufuria. Lakini mama aliyekesha usiku wa tatu hawezi kulima, wala kusimama kwenye foleni ya malalamiko akaeleza jambo lake likaeleweka. Huko Rhino Camp, kaskazini magharibi mwa Uganda, wanawake wakimbizi wa Sudan Kusini walikutana kwa vikundi mara 5, wakajifunza namna ya kukabili msongo kwa kusikiliza mafundisho yaliyorekodiwa. Utafiti uliotolewa mwaka 2020 ulionyesha kuwa miezi 3 baadaye msongo wao ulikuwa umepungua kuliko wa wenzao ambao hawakuyapata. Hao ni wakimbizi kama sisi.

Basi moyo ukianza mbio, keti, kanyaga chini uisikie ardhi. Vuta pumzi polepole ukihesabu hadi 4, itoe ukihesabu hadi 6, endelea kwa dakika 5 hivi. Taja vitu unavyoviona: jerikani, mlango, mbuzi wa jirani. Ile hofu hupanda, kisha hushuka yenyewe. Jioni punguza kahawa na chai kali. Waragi huleta usingizi mfupi, na asubuhi wasiwasi unarudi umezidi. Na vidonge vya usingizi vya dukani, kama diazepamu, mwili huvizoea upesi. Usivinywe bila kuandikiwa na daktari.

Hali ikipita wiki 2, au ukishindwa kufanya kazi zako za kawaida, njoo kituoni. Kama yanakujia mawazo ya kujiua, usingoje sisi tupite: njoo siku hiyo hiyo, hata usiku, pamoja na mtu unayemwamini. Ukiona haya kusema mbele ya watu walio kwenye foleni, omba tu kuzungumza na muuguzi faraghani. Sababu utaieleza mkiwa ndani.

Mhudumu wa afya wa kujitolea, Nakivale