Chemsha Bongo: Jawabu la Ng'ombe 17

Fumbo la juma lililopita lilikuwa la mzee aliyeacha ng'ombe 17. Aliusia mwanawe mkubwa apate nusu, wa pili theluthi, mdogo sehemu moja ya tisa, wala asichinjwe hata mmoja. Ndugu walikaribia kupigana.

Ndipo jirani akaleta ng'ombe wake mmoja, wakawa 18. Nusu ni 9, theluthi 6, sehemu moja ya tisa 2. Jumla 17! Jirani akamswaga wake kurudi zizini.

Wengi hukomea hapo wakidhani ni kiinimacho. Sivyo. Jumlisheni mafungu ya wosia: 9/18, 6/18 na 2/18 ni 17/18. Marehemu hakugawa mali yote. 1/18 ilibaki bila mwenyewe, nayo ndiyo iliyowatosheleza. Mkubwa alistahili 8 na nusu, akapata 9. Wenzake nao walizidishiwa kidogo.

Sasa lenu, vijana (na wazee msijifiche nyuma ya watoto). Mzee mwingine naye aliacha ng'ombe 17: nusu, theluthi na sehemu moja ya sita. Jirani yule yule, kwa wema wake, akaleta tena ng'ombe mmoja. Je, jioni alirudi naye nyumbani? Shikeni kalamu, msikisie.