Ajali Ina Kinga Yake



Kuna msemo tunaousikia kila mara kwenye misiba ya barabarani: ajali haina kinga. Husemwa kwa nia njema, kumfariji aliyefiwa. Lakini sisi tunaohudumia majeruhi wodini tumeona kwamba msemo huu, ukizoeleka, hutufunga mikono. Mwezi huu tungependa tuutazame upya, na tutaanzia mahali ambapo pengine hamkutarajia: kwenye makumbusho ya pikipiki za kale huko Uingereza.

Mwezi wa Juni mwaka 2023 sisi wauguzi wawili tulikuwa wageni wa wauguzi wenzetu wanaoishi karibu na mji wa Worcester. Mume wa mwenyeji wetu ni mmoja wa kundi la waendesha pikipiki, watu wazima wenye kazi zao na wengine wenye wajukuu, ambao siku za mapumziko hutoka pamoja kwa matembezi. Jumamosi hiyo walikuwa wanakwenda kwenye makumbusho yaitwayo National Motorcycle Museum, yaliyoko Bickenhill, pembeni ya jiji la Birmingham. Tukakaribishwa tupande nyuma.

Kabla ya kuondoka

Pikipiki zilikuwa kumi na nne. Hakuna aliyewasha na kuondoka tu. Kila mmoja aliizunguka pikipiki yake: akabonyeza tairi, akajaribu breki ya mbele na ya nyuma, akatazama cheni, mafuta na taa. Kisha wakakusanyika, na kiongozi wa msafara akaeleza njia tutakayopita na mahali pa kupumzika.

Sisi abiria nasi tulipewa somo letu. Tulivalishwa suruali nzito, makoti, glavu na viatu vinavyofunika vifundo vya miguu, ingawa jua lilikuwa linawaka. Ncha za vitambaa vya shingoni zilichomekwa ndani, maana nguo ikinaswa na cheni au gurudumu humvuta aliyeivaa. Tuliambiwa tukae kwa kupanua miguu, kila mguu kwenye kikanyagio chake, wala tusiuondoe mpaka pikipiki isimame. Kwenye kona tuelemee upande anaoelemea dereva, tusijivute upande wa pili. Sheria ya Uingereza hairuhusu abiria zaidi ya mmoja, na huyo mmoja hana ruhusa ya kukaa upande. Ile mishikaki tuliyoizoea huku kwetu, mama na watoto wawili nyuma ya dereva mmoja, huko ni kosa.

Mwisho zikaja kofia ngumu. Mwenyeji wetu alikaza mkanda chini ya kidevu cha kila mmoja, kisha akaishika kofia kwa nyuma na kujaribu kuivua kwa kuisukuma mbele. Ilipokataa kutoka, ndipo akaridhika.

Asiachwe mtu nyuma

Barabarani hawakwenda wawili wawili kama maharusi. Wa kwanza alishika upande mmoja wa njia yao, wa pili akashika upande mwingine nyuma yake kidogo, wa tatu akafuata mstari wa yule wa kwanza, hivyo hivyo hadi mwisho. Kwa mpango huo kila mmoja huona mbele na hupata nafasi ya kufunga breki. Kati ya dereva na yule aliye mbele yake kwenye mstari mmoja huachwa nafasi ya angalau sekunde 2. Mvua ikinyesha nafasi hiyo huwa mara mbili.

Jambo lililotugusa zaidi ni hili. Kila tulipofika njia panda au kipilefti, yule aliyekuwa wa pili alisimama mahali salama na kuonyesha upande wa kupinda. Wengine wote walipita. Yeye alibaki pale pale mpaka amwone mtu wa mwisho wa msafara, aliyevaa kizibao cha kung'aa, ndipo akaingia barabarani mbele yake. Kwenye njia panda iliyofuata, aliyekuwa wa pili kwa wakati huo alifanya vivyo hivyo. Mzee mmoja alikuwa na pikipiki ndogo ya miaka mingi, nayo ilipanda vilima kwa kuhema. Hakukimbia hata mara moja, kwa sababu alijua kwenye kila kona kuna mtu anamngoja. Walitueleza kwamba katika misafara ya namna hii anayeogopa kuachwa ndiye anayeumia: hukimbiza wenzake kwa mwendo asiouweza.

Ndani ya makumbusho

Makumbusho hayo yalifunguliwa mwaka 1984. Yana pikipiki zaidi ya mia nane, zote kazi ya mikono ya Waingereza, zimepangwa safu kwa safu huku zikimeta kama vyombo vya harusi. Si ajabu yakawa hapo, kwa kuwa Birmingham na jirani yake Coventry ilikuwa miji ya viwanda vya pikipiki: BSA, Norton, Triumph, Ariel, Velocette. BSA ilianzishwa mwaka 1861 ikitengeneza bunduki, na hata ilipohamia kwenye pikipiki iliendelea kutumia alama yake ya bunduki tatu.

Sisi tulisimama kwa muda mrefu mbele ya pikipiki zenye kigari cha pembeni. Kabla gari dogo halijawa la bei nafuu, hilo ndilo lilikuwa gari la familia ya mfanyakazi wa Uingereza. Baba aliendesha, mama na mtoto wakakaa kwenye kigari kando yake. Na msidhani akina mama walikuwa abiria tu. Tarehe 11 Desemba 1934, wanawake wawili, Theresa Wallach na Florence Blenkiron, waliondoka London kwa pikipiki aina ya Panther yenye kigari cha pembeni na tela nyuma. Walivuka jangwa la Sahara, wakapita Afrika ya Kati, wakashuka kupitia huku kwetu Afrika ya Mashariki, na tarehe 29 Julai 1935 wakaingia Cape Town. Wallach baadaye alifungua shule ya kuendesha pikipiki huko Marekani, na alifariki mwaka 1999 akiwa na umri wa miaka 90.

Safu nyingine ilikuwa na pikipiki za Brough Superior, zilizokuwa za fahari kuliko zote wakati wake. Juu ya pikipiki ya aina hiyo ndipo T. E. Lawrence, yule mwanajeshi Mwingereza aliyepata sifa Arabuni katika Vita vya Kwanza vya Dunia, alipopata ajali tarehe 13 Mei 1935. Alikuwa anawakwepa vijana wawili wenye baiskeli. Hakuwa na kofia ngumu, kwani siku hizo waendeshaji wa kawaida hawakuwa na desturi hiyo. Baada ya siku 6 alifariki kwa majeraha ya kichwa, akiwa na miaka 46.

Mmoja wa madaktari walioitwa kumtazama alikuwa Hugh Cairns, bingwa wa upasuaji wa ubongo mzaliwa wa Australia. Cairns hakusema ajali haina kinga. Vita vya Pili vilipoanza, alianza kuhesabu. Mwaka 1941 alichapisha matokeo yake katika jarida la madaktari wa Uingereza: katika miezi 21 ya kwanza ya vita, waendesha pikipiki na abiria wao 2,279 walikuwa wamekufa barabarani, na sababu iliyoongoza ni majeraha ya kichwa. Alipata majeruhi 7 tu waliokuwa wamevaa kofia ngumu. Wote 7 walipona. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo jeshi la Uingereza liliwaamuru wanajeshi wake wote wa pikipiki wavae kofia ngumu. Raia walisubiri zaidi. Sheria yao ilianza kutumika mwaka 1973.

Hata jengo lenyewe la makumbusho lina habari kama hiyo. Tarehe 16 Septemba 2003 kipande cha sigara kilichotupwa ovyo kilileta moto. Kumbi tatu ziliungua, na pikipiki zipatazo 380 zikateketea, ingawa wafanyakazi na wageni waliokuwepo walisaidia kuzikokota nyingine nje. Makumbusho yalipofunguliwa tena Desemba 2004, jengo lilikuwa limewekewa mabomba ya kunyunyiza maja ya kuzima moto yenyewe. Kinga ilikuja, lakini baada ya hasara.

Kina mama, pikipiki ya kwanza yenye injini ya petroli ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1885. Tangu hapo hadi sheria ya kofia kwa Waingereza wote ni miaka 88. Wao walijifunza kwa kuzika watu. Sisi hatuna sababu ya kuanza hesabu hiyo upya.

Kofia hufanya kazi gani?

Mwanamke anayeuza mayai hayatii kwenye ndoo tupu. Hutia maranda kwanza, ili ndoo ikigongwa, maranda yaminywe badala ya yai. Ubongo wetu ni laini, nao umo ndani ya mfupa mgumu. Gamba la nje la kofia hutawanya nguvu ya pigo, na lile povu gumu la ndani huminywa, kichwa kikapunguza mwendo taratibu badala ya kusimama ghafla kwenye lami. Wataalamu waliokusanya tafiti 61 za nchi mbalimbali walieleza mwaka 2008 kwamba kofia hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Povu likishaminywa mara moja halirudi. Kwa hiyo kofia iliyokwisha kupata ajali haifai tena, hata ikionekana nzima.

Wodini kwetu aliwahi kuletwa kijana wa bodaboda, baba wa mtoto mmoja. Alikuwa anampeleka abiria mwendo wa dakika tano tu. Wenzake walimleta pamoja na kofia yake, ambayo alikuwa ameitundika kwenye usukani. Kofia haikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Mama yake alikaa nayo mapajani siku tatu, mpaka kijana alipokata roho. Siku ile hakuna kati yetu aliyeweza kumwambia mama yule kwamba ajali haina kinga.

Tufanye nini sisi?

Kwanza, usipande bodaboda bila kofia, hata kama ni karibu. Kama unachelea jasho la waliotangulia au nywele zako, beba kitambaa chepesi cha kujifunga kichwani kabla ya kuvaa. Ukiweza, nunua yako. Funga mkanda. Kofia isiyofungwa huruka kabla kichwa hakijafika chini.

Pili, kaa kwa kupanua miguu. Vaa suruali ndani ya gauni, na chomeka ncha za kanga. Shuka upande wa pili wa bomba la moshi, maana ndilo linalotuletea yale majeraha ya moto kwenye ndama za miguu. Ukiungua, mimina maji safi ya baridi kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno wala mafuta.

Tatu, mtoto mchanga mgongoni hana kofia inayomfaa. Kwa safari yake tafuta basi au bajaji, au mwombe jirani mwenye gari. Na mtoto wa shule asipangwe mishikaki na wenzake, hata kama nauli itakuwa nafuu.

Nne, kama mume au mwanao ndiye dereva, jueni kwamba hesabu ya kila siku anayompelekea tajiri ndiyo inayomkimbiza. Msimwongezee haraka. Usimpigie simu ukijua yuko barabarani. Kaeni mpange matumizi ya nyumba kwa namna ambayo haimlazimu kutafuta abiria wa mwisho usiku wa manane akiwa amechoka. Hapo ndipo tunapoweza kuwa kama yule anayesimama njia panda kumngoja wa mwisho.

Tano, ukikuta majeruhi wa pikipiki, zuia kwanza magari mengine yasimgonge. Usimnyanyue kwa pupa, usimnyweshe maji, wala usimvue kofia maadamu anapumua vizuri. Bana panapovuja damu kwa kitambaa safi, kisha tafuta msaada wa hospitali.

Tunajua kofia moja ya maana ni fedha nyingi kwa nyumba nyingi. Lakini vikundi vyetu vya kuweka na kukopa vimekwisha kununua masufuria, viti na maturubai ya misiba. Mwezi huu, katika mkutano wenu, pendekezeni kofia. Anzeni na mama ambaye mwanawe anaendesha bodaboda.